Nyumba Iliyoonekana Ndani ya Kamera

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe kule Kisondela, kamera ikiwa mkononi mwangu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mpiga picha, nina chumba changu cha kazi Msasani, hapa Tukuyu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kupiga picha za harusi. Jioni ukungu ukashuka, nami natembea kwenda barabarani kutafuta bodaboda. Nikakatiza kwenye shamba la parachichi, miti bado michanga. Bibi mmoja alikuwa amesimama katikati ya mistari, kajitanda kitenge.

"Mwanangu, nipige picha na nyumba yangu," akasema.

Nyumba gani? Nyuma yake ilikuwepo miparachichi tu. Nikadhani ni uzee, nikaona nisimvunje moyo. Nikainua kamera, nikaweka jicho.

Niamini, nyumba ilikuwepo. Ya udongo, imeezekwa nyasi, mlango unatazama mtoni, migomba imeizunguka, moshi unapenya kwenye paa. Nikashusha kamera: miparachichi. Nikainua tena: nyumba.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona, bibi."

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu aliyesubiri sana kuambiwa hivyo. Nikabonyeza.

Nilipotazama kioo cha kamera, palikuwa na ukungu na miti. Nikainua macho nimwombe asimame tena. Hakuwepo.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikimbia mpaka nyumba ya kwanza niliyoiona ina taa. Ilikuwa ya mwenye shamba, baba wa makamo, akanikalisha jikoni karibu na moto. Nilipomweleza, hakubisha. Aliuliza tu mlango ulitazama wapi.

"Mtoni," nikasema.

Akasema, "Hilo nilishalisahau. Ni nyumba ya mama, niliibomoa mwenyewe nikapanda parachichi. Na mama hakuwahi kupigwa picha, dada. Sura yake inanipotea."

Basi nikamsimulia ile sura: mwanya, kovu dogo juu ya nyusi, macho ya kucheka. Akawa anaitikia kila kimoja, machozi yanamtoka bila sauti. Kisha akauliza, "Miguuni alivaa nini?"

Alikuwa amemzika mama yake na viatu alivyomnunulia. Enzi za uhai wake mama hakuvivaa hata mara moja, alisema anavitunza. Sasa mwanawe alitaka kujua kama huko aliko anavivaa.

Nikamwambia sijui. Nilimkata magotini ili nyumba ienee kwenye picha. Na hata kabla sijainua kamera, nilikuwa nimeshaanza kumtazama kama picha: uso, kitenge, mwanga. Chini sikuangalia.

Mpaka leo nikimkumbuka bibi yule, anaishia magotini. Nimerudi pale mara nyingi nikaweka jicho kwenye kamera. Naona miparachichi, tena imeshakuwa mikubwa. Yule baba tukikutana sokoni hunisalimia vizuri. Hajaniuliza tena, ila husimama kidogo kabla ya kuniaga.

Kwa hiyo wewe unayetoa simu kila unapoona kitu kizuri, mtazame mtu kwanza kwa macho yako, kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo. Huenda wapo wanaomtafuta, na aliyemwona mwisho ni wewe.