Mume Wangu Anataka Radhi ya Mtoto Aliyeamuru Apigwe

Admin, nifichie jina na picha, maana huku kwetu tunajuana hadi kwa kanga. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, naishi Delta ya Rufiji, upande wa Salale. Mume wangu amekuwa mwenyekiti wa chama kwenye kata yetu tangu binti yetu wa mwisho yuko mgongoni. Hata chumbani namwita Mwenyekiti. Jumamosi hii anastaafu. Kuna sherehe kubwa, ng'ombe wameshanunuliwa, na wakubwa wake wamemlipia safari ya Hija kama zawadi. Watu wananiambia nina bahati. Bahati yenyewe ndiyo hii nawasimulia.

Uchaguzi uliopita, mwanangu wa kwanza alihama chama cha baba yake. Hakuwa na makuu. Alichoka kuona boti ya wagonjwa ikibeba viongozi kwenda mikutanoni huku wajawazito wanavushwa kwa mitumbwi. Baba yake mwenyewe alikuwa analalamikia jambo hilo kila tukikaa jamvini kula. Lakini mtoto alipochukua fomu ya udiwani kwa chama kingine, mzee akamwambia kuwa anayoyasema yote ni kweli, ila kweli ikisemewa nje ya chama ni usaliti. Hawakusalimiana tena.

Siku ya kurudisha fomu, vijana wa chama walimvizia bandarini akishuka kwenye mtumbwi. Nilikuja kuitwa nikakimbia. Nikakuta wanampiga kwa boriti za mikoko, zile nene za kujengea nyumba. Yuko kwenye tope, shati lake mwenyewe wamemfunika nalo kichwa, anaita mama. Wawili walimkandamiza mkono wa kulia juu ya gogo, wa tatu akamponda vidole kwa kafi mpaka nikasikia mifupa inavunjika. Damu ilikuwa imechanganyika na tope, hujui ameumia wapi na wapi pazima.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, kanzu kaipandisha isiguse tope. Neno lake moja tu lingewazuia wote. Nilimshika miguu nikamwambia Mwenyekiti, huyo ni mwanao. Akawaambia wale vijana, nami nimesikia kwa masikio yangu haya:

"Mpigeni kama mnavyowapiga wengine. Asije mtu akasema mtoto wa Mwenyekiti kapendelewa."

Nilimrukia nikamng'ata mkono. Sijui nani alinipiga teke la tumbo, nikaangukia juu ya mwanangu, na ndipo wakaacha. Wenye boti za mashine wote waligoma kutupakia kwa kuogopa chama. Nilimlaza kwenye mtumbwi nikapiga kafi mwenyewe huku natapika, mpaka tukafika pa kupata gari. Alipona, ila jicho la kushoto halioni na ule mkono haushiki hata kijiko. Mume wangu aliandikisha polisi kwamba kijana aliteleza kwenye boti. Tangu hapo mwanangu hajakanyaga nyumbani. Yuko Ikwiriri, ana kibanda cha viatu vya mitumba.

Najua mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Nilikuwa na binti wa kusomesha, na wazazi wangu wote wako kaburini, sina kwa kurudi. Mnaotaka kunitukana nitukaneni, lakini mkimaliza mnishauri.

Sasa shehe wetu alimwambia mzee asiende Makka na haki za watu shingoni, aombe radhi kwanza. Kazunguka nyumba zote. Kamwomba radhi hata bibi mmoja aliyewahi kumfukuzia mbuzi. Kwa mwanawe hakwenda. Alinituma mimi nipige simu nimletee neno moja tu, "nimesamehe". Mwanangu akasema atasamehe siku baba yake atakaposimama mbele ya watu wale wale wa bandarini, aseme kuwa ni yeye aliyeamuru. Hataki kingine chochote.

Nilipofikisha salamu hizo nilipigwa ngumi nikadondokea kizingiti, jino likang'oka. Halafu yeye ndiye akakaa chini akalia. Wallahi alilia kama mfiwa. Akasema:

"Dhambi yangu nitaonana nayo kwa Mungu. Nikiitaja kwenye kipaza sauti nitakuwa nimekivua nguo chama."

Kwa hiyo ameamua kuwa Jumamosi nitasimama mimi kwa niaba ya familia, niwaambie watu kwamba mtoto ameshamsamehe baba yake. Umati utaitikia, na yeye atasafiri. Nikikataa, amesema talaka yangu nitaisikia kwenye kipaza sauti hicho hicho.

Jana akaja kijana anayerithi kiti chake. Ni yule yule aliyeponda vidole vya mwanangu kwa kafi, mume wangu mwenyewe kamchagua, anasema ndiye mwenye msimamo. Alikula kwangu, akaniita mama, akausifia mchuzi wa kamba. Wakati anavaa viatu kuondoka akaniambia, kwa upole kabisa, hotuba yangu iwe fupi. Kisha akasema:

"Hivi viatu, mama, nimenunua Ikwiriri kwa kaka. Anakaa pale peke yake mpaka jioni, kibanda chenyewe hata mlango hakina."

Mume wangu alikuwa karibu, anasikia kila kitu. Aliendelea kunawa mikono.

Ndugu zangu, mwanangu ameniambia nikisema amesamehe, nisimpigie simu tena mpaka nife. Nikisema ukweli, kibanda wanakijua. Nimemsihi ahame, anasema alishakimbia mara moja na hakimbii tena. Ingekuwa nyinyi ndio watoto wangu, mngetaka niseme nini Jumamosi? Nijibuni mapema, nawasubiri.