Uzi Aliofunga Hetal

Kila asubuhi, kabla mama mkwe hajagonga mlango, Nirupa alijifunga tumbo. Lilikuwa la matambara, kalishona mwenyewe, na kila mwezi aliliongeza kidogo. Mumewe, Jayesh, yuko zake Muskati kikazi. Kwenye simu humwambia "vumilia" tu. Rahisi kusema hivyo, maana si yeye anayevaa matambara kwenye joto la Rajkot, huku India!

Mtoto alikuwepo kweli, damu yao wenyewe, ila alikuwa mji mwingine, Anand, tumboni mwa mwanamke aitwaye Reva, kwa kuwa Nirupa alishatolewa kizazi. Mama mkwe hakuambiwa. Angesema mtoto aliyebebwa na mtu baki si mjukuu wake, na yule mama akishasema, amesema.

Mwezi wa tano wa mimba, wifi yake Hetal alimfunga mkononi uzi mweusi wenye simbi, wa kumkinga mtoto na jicho baya. Hiyo ni kazi ya wifi, na huyohuyo, akiwa shangazi, ndiye humpa mtoto jina. Nyumba nzima ile, Nirupa hakuwa na rafiki mwingine. Jioni Hetal alimkanda miguu kwa mafuta ya ufuta, akimtania: "Mbona haivimbi? Una mimba wewe, au umemeza tikiti?" Nirupa alicheka naye, na moyo unamuuma.

Kila mwezi alikwenda Anand, kwa Kapilaben, mshauri wa kliniki iliyompandikiza Reva mimba yao.

"Mpaka leo umemwambia nani?" Kapilaben alimuuliza.

"Wewe."

"Mimi sihesabiki, ni kazi yangu. Mtafute mtu mmoja wa nyumbani."

"Mama, huu uzi unamlinda nani? Matambara? Mtoto yuko kule kwa Reva, hana kitu!"

"Hofu yako si ya uzi, mwanangu. Umekaa peke yako mno."

Hayo hayakumwingia. Uzi ule haufunguliwi mpaka mtoto azaliwe, hata watoto wa kwao wanajua. Nirupa akaufungua. Akaenda kwenye bweni la kliniki la akina mama waliowabebea wengine mimba, akamfunga Reva mkononi, akamsimulia na habari ya matambara.

Reva alicheka mpaka akashika tumbo. "Makubwa haya, dada! Kwetu wanadhani niko Surat nang'arisha almasi. Wewe umebeba matambara, mimi nimebeba mtoto, na wote tumefunga midomo!"

Akamshika mkono, akauweka tumboni. Mtoto akapiga teke. Nirupa alijawa na wivu hadi akaona aibu, akaaga haraka.

Jioni Hetal alikuja na mafuta yake. Akatazama mkono.

"Wifi, uzi uko wapi?"

"Umekatika."

"Ukatike wapi, na mafundo yote yale?" Hetal alibadilika uso. "Kuna nini? Mtoto kafa? Ngoja nimwite mama."

"Usimwite!" Nirupa aliuvuta mkono wa wifi yake, akauingiza chini ya sari, kwenye matambara. Kisha akamweleza yote, kwa kunong'ona, machozi yakimtoka.

Hetal aliuchomoa mkono. "Mtoto mzima?"

"Mzima. Uzi anao aliyembeba."

"Nyie, kuna nini huko?" mama mkwe aliita kutoka jikoni.

Nirupa alijifunika sari upesi.

"Hakuna kitu, mama! Mtoto anapiga mateke!" Hetal alijibu. Akasimama, akajifuta viganja. "Jina nitampa. Ni mtoto wa kaka yangu, hana kosa."

"Ahsante, wifi yangu."

"Wifi yako nani? Siku zote nakukanda miguu, kumbe unanicheka moyoni."

"Sikukucheka, Hetal. Niliogopa."

Hetal alishatoka. Nirupa alibaki kitandani na tumbo lake la matambara. Jikoni mama na binti walikuwa wakisukuma chapati na kubishana juu ya majina ya mtoto, na hakuna aliyemwita.