Sabuni ya Mama Kwenye Utando Wangu

Leo nimeshangilia sabuni.

Kazi yangu maabarani ni kutengeneza utando mwembamba wa mafuta, kama ule unaofunika seli, halafu kupandikiza protini ndani yake. Protini ikiingia inafungua kitundu, umeme kidogo unapita, na mstari kwenye kompyuta unapanda.

Miezi yote hii mstari umelala tu. Leo asubuhi ukapanda.

Nikampigia mama dukani kwake Kariakoo. Nikamsikia anawatangazia majirani: "Protini ya mwanangu imeingia."

Dokta, msimamizi wangu, akasema tu, "Hebu jaribu bila protini."

Nikajaribu. Mstari ukapanda vilevile.

Akakinusa kikombe cha majaribio. "Hiki umekiosha na nini?"

Sabuni ya maji. Mama anaiuza jumla, Jumapili alinipa dumu zima nipeleke kazini. Mabaki yake ndiyo yaliyotoboa utando.

Sijalia wala nini. Nimekaa naangalia feni. Ruksa kucheka, mimi nimeshindwa.

Jioni mama kapiga. "Na ile sabuni yangu, imewasaidia?"

"Imetusaidia, mama."

"Basi kesho nakuongezea dumu lingine."

Nikasema asante.