Wimbi Lisilojua Chini

Mama yake alipozikwa, Nakhumicha alirudi Nairobi na punje za wimbi zilizofungwa kwenye pembe ya leso. Nyumbani kaka zake walikuwa wamegeukia mahindi; wimbi lililosalia lilisagwa likawa uji wa waombolezaji. Punje zile ndizo pekee zilizobaki za mkono wa mama. Alizitunza akingoja mvua ndefu, azipande nyuma ya chumba chake Mutuini.

Kazi yake ilikuwa kufagia nyumba ya vioo ya watafiti wa mimea, upande wa Kileleshwa. Mwaka huo, 1973, mhadhiri Kinyanjui alitaka kujua mmea utakuaje angani, mahali ambapo kitu hakina uzito na hakuna juu wala chini. Alilaza vikopo vya udongo kwenye gurudumu la umeme lililozunguka polepole, usiku na mchana, mizizi isijue iende wapi. Lakini wimbi alilonunua sokoni lilikataa kuota.

"Mama Sifuna, kwenu hakuna mbegu?" akamuuliza Nakhumicha.

Kwao mbegu hainyimwi mtu. Anayepewa huirudisha baada ya mavuno, na nyongeza juu. Nakhumicha akafungua leso, akampa zote.

Ziliota. Dalmas, askari wa lango, kila akipita alimtania.

"Shemeji, wimbi lenu limepanda bembea kama watoto kwenye shoo ya kilimo pale Jamhuri. Litashuka lini?"

"Likikomaa."

Asubuhi moja Nakhumicha alimkuta Kinyanjui aking'oa miche na kuipanga kwenye trei, tanuri limewashwa.

"Unaipeleka wapi, mwalimu?"

"Naikausha, nipime uzito."

Nakhumicha alisimama na ufagio wake. "Na mbegu yangu utairudishaje?"

Kinyanjui aliiweka trei chini. Utotoni, mama yake mwenyewe aliwahi kumtuma kwa jirani na kikapu cha maharagwe, kulipa mbegu. Kwenye gurudumu ulikuwa umebaki mche mmoja. Akazima umeme.

"Mama, sikujua zilikuwa zote."

"Hukuuliza."

Nakhumicha alikibeba kile kikopo hadi Mutuini. Mzizi ulikuwa umejikunja kama mtoto tumboni, shina limelala. Aliupanda mche, akauegemeza kwa kijiti. Ukakaa vivyo hivyo siku nyingi, kana kwamba unasikiliza. Kisha ncha yake ikainuka.

Ulitoa suke moja. Nakhumicha hakuonja hata punje. Alilipukusa kiganjani, akafunga mbegu kwenye leso, na chache akampelekea Kinyanjui.

"Mbegu hainyimwi mtu," alimwambia. "Ila hizi usizitie motoni."