Mtaalamu Pekee wa Gofu

Semina ya gofu ilifanyika Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa harusi, na mapambo ya Jumamosi iliyotangulia yalikuwa bado yananing'inia juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa walimu wa michezo wa shule za msingi. Wengi wetu tulipata cheo hicho kwa sababu siku ya kugawana vipindi tulichelewa kufika. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Michezo nilikabidhiwa kwa kigezo kwamba nina miguu mirefu.

Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam, amevaa kofia nyeupe na glavu ya mkono mmoja. Alitufundisha kwamba gofu humjenga mtoto katika subira, ukweli na heshima, na kwamba wafadhili wake wameona si haki mtoto wa kijijini kuachwa nyuma katika mchezo huu. Niliwawaza wanafunzi wangu. Walikuwa wameachwa nyuma kwenye madawati, kwenye vyoo na kwenye maji, lakini nikakubali kwamba kila safari ina mahali pa kuanzia. Akatuonyesha picha za viwanja vya kijani, vimetandazwa kama mkeka. Hapo umeme ukakatika, na mafunzo ya vitendo tukayafanya kwa kupiga ndimu kwa mifagio ya ukumbi. Tulipewa vyeti.

Mwisho ikatangazwa kwamba shule moja itachaguliwa kuonyesha somo la gofu mbele ya wageni. Ilichaguliwa yangu. Walimu wenzangu walinipongeza, wakidhani tumeonekana kwa ubora. Ukweli ni kwamba shule yetu iko kandokando ya lami inayoshuka Mbamba Bay, na wageni walikuwa wamepanga kulala ziwani ili wale mbasa. Mwenzetu mmoja ana uwanja bapa unaotosha hata ndege kutua, ila shule yake haipo njiani kwenda kwa samaki.

Ningeweza kukwepa. Mwalimu akitaka kukwepa jambo, hakosi msiba. Lakini nilikuwa na shida yangu. Mke wangu ni muuguzi Korogwe, na binti yetu alikuwa aanze darasa la kwanza Januari inayofuata. Tangu azaliwe nimekuwa baba wa likizo. Kila nikifika hujificha nyuma ya mama yake, na akishanizoea, basi langu nalo limefika. Nilimwahidi kwamba siku ya kwanza ya shule nitampeleka mimi, nimemshika mkono. Nilikuwa nimeshampata mwalimu wa kubadilishana naye kituo, mama mmoja wa Korogwe ambaye mumewe ananunua kahawa huku kwetu. Kila mmoja alitaka kwenda alikotoka mwenzake. Kilichobaki ni mkubwa wetu wa elimu wilayani kuridhia.

Nilipomfuata alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, akauliza hali ya familia.

"Mwalimu, tumalize kwanza hili la gofu," akasema. "Likienda vizuri, na sisi tutaongea vizuri."

Nilitoka pale nikiipenda gofu kama kanisa.

Kipindi cha kwanza kilianza vibaya. Niliingia darasa la nne nimekumbatia fimbo za miti nilizochonga mwenyewe, kwa kuwa zile za plastiki za wafadhili zilikuwa hazijafika.  Dawati la mbele likanyoosha viganja, bila kuulizwa kosa, na madawati ya nyuma yakafuata. Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba fimbo hizi ni za kwao, wao ndio watakaopiga, na kitakachopigwa ni mpira. Hawakuniamini. Tulipotoka nje nikawapa kokwa za parachichi wazipige, na hapo ndipo walipoanza kucheka. Kokwa ziliteremka mlimani hadi kwenye mibuni ya jirani, zikapotelea huko.

Maana uwanja wetu ni mteremko. Nchi yote hii ya Wamatengo ni mteremko. Hata kwenye mpira wa miguu, timu inayopata goli la chini kipindi cha kwanza hujiandaa kufungwa mapema. Nilihitaji mashimo tisa na nyasi zilizofyekwa, na mikono ya kufanya hayo sikuwa nayo. Mwalimu mkuu, mama wa Kimatengo ambaye wote tunamwita Madam, akaniambia nisihangaike, ataita wazazi.

Kwenye kikao niliwaamkia wazee, nikasimama, nikaeleza kwa ufasaha. Nilisema tunataka mteremko wa nyuma ya madarasa ufyekwe na uchimbwe mashimo. Nilisema mgeni mkubwa anakuja kuyaona. Idadi niliitaja, lakini waliposikia mgeni mkubwa anakuja kutazama mashimo, naona masikio yaliishia hapo. Wazee walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku, jambo la shule lilikuwa limewagusa. Mzee mmoja akauliza kama mgeni huyo ni wa kilimo. Nikajibu ni wa michezo. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama anayemwachia mgeni siri yake.

Jumamosi ya kazi mimi sikuwepo. Niliteremka Mbinga kuchukua mifuko ya fimbo za plastiki na mipira iliyokuwa imefika hatimaye, nikarudi jioni kwa bodaboda, mifuko mapajani, naimba. Tulipokata kona ya mwisho nikaacha kuimba.

Mlima wote ulikuwa umepigwa ngolo.

Kwa asiyezijua, ngolo ni kilimo cha Wamatengo tangu babu zao. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, kama madirisha. Wanawake huchimba katikati ya kila dirisha na kufukia nyasi kwa udongo ule. Hubaki shimo katikati na tuta kuzunguka pande zote nne, kisha lingine, kisha lingine, hadi mlima mzima. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni na udongo haukimbii. Ni kazi nzuri mno. Ila siyo gofu.

Walikuwa wamekuja kijiji kizima, kwa zamu, na pombe ya kazi ilikuwa imepikwa. Niliwakuta wanawake wanamalizia mstari wa chini, wanaimba, na Madam yuko katikati yao na jembe, amefunga kanga kiunoni. Nilimwuliza kwa sauti ndogo yako wapi mashimo tisa. Akapangusa jasho, akanitazama kama mtu aliyeuliza iko wapi nyumba yenye ukuta mmoja.

"Mwalimu, shimo la peke yake kwenye mteremko litakaa wapi?" akasema. "Mvua moja tu, limeondoka na kiwanja chako. Lakini usijali, hayo tisa yako yamo humo humo. Chagua unayoyapenda."

Nikauliza kama angalau tunaweza kufukia machache. Akasema haiwezekani, kwani maharage yameshapandwa kwenye matuta.

Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na mifuko yangu. Akilini nilimwona binti yangu siku ile ya Januari, amesimama kwenye lango la shule, anasindikizwa na jirani. Niliwachukia wazazi wale kwa bidii yao. Mzazi ambaye hakuja kuchangia dawati, ambaye kikao cha matokeo kilimkuta ana wageni, leo kaacha shamba lake akanichimbia mlima mzima bure.

Jumatatu sikuwa na la kufanya ila kufundisha. Niliweka darasa la nne juu ya mlima na kuwaambia wapige. Mpira wa kwanza uligonga tuta, ukateleza, ukaingia shimoni. Wa pili vivyo hivyo. Binti mmoja alipiga amefumba macho kwa uoga, ukaingia. Kwenye mlima wa ngolo mpira hauna pengine pa kwenda. Watoto wakafikiri wana kipaji, na mimi, kwa mahitaji yangu, sikuwakatalia. Nikatunga sheria papo hapo: shimo ni shimo, na ukikanyaga haragwe umepoteza zamu. Sheria ile ya pili niliwekewa na Madam.

Wageni walifika kwa magari matatu, wakati maharage yameshatoa majani mawili mawili na mlima umekolea kijani. Mwezeshaji alishuka na kofia yake, akatazama juu, akatazama chini, akavua miwani. Mkubwa wetu, ambaye gofu hakuwa ameiona hata kwenye kalenda, alimtazama mwezeshaji usoni ajue kama ni wakati wa kufurahi au wa kukasirika. 

"Huu ni uwanja uliozingatia mazingira," nikasema. Maneno hayo sijui yalitoka wapi. "Unahifadhi udongo."

Kwa wageni wa aina ile, neno mazingira halipingwi. Mwezeshaji akaomba fimbo, akapiga. Mpira ukaruka tuta moja, ukaingia shimoni. Akapiga tena, ukaingia. Akaita mpiga picha wake, akapiga wa tatu huku anatazama kamera, nao ukaingia. Nina hakika maisha yake yote hajawahi kucheza vizuri namna ile. Alicheka hadi glavu ikamtoka. Watoto nao wakapiga, wote kwa mkupuo, wote wakapata, na wazazi waliokuja kutazama maharage yao wakapiga makofi na vigelegele.

Mkubwa wetu akaona njia, akasimama kuhutubia. Alisema shule hii ni ya mfano, alisema vipaji vimelala vijijini, alisema na mengine, kisha akaangalia saa na kukumbuka mbasa. Kabla ya kuingia garini alinishika bega mbele za watu. Niliona Korogwe waziwazi. Usiku ule nilimwambia mke wangu aanze kumzoesha mtoto jina langu.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwa mkubwa, nimevaa shati la harusi. Aliagiza nikaletewa soda. Akanionyesha kwenye simu yake ile video ya mwezeshaji, akasema hata wakubwa wa juu wameiona, na kwamba kuanzia sasa mimi ni mratibu wa gofu wa shule zote, hadi zile za huko Liparamba wakituomba. Nilishukuru. Nikasubiri amalize, nikaleta la uhamisho.

Akaweka simu mezani. Akanitazama kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angenitazama kwa dharau ningejua la kumjibu moyoni.

"Mwalimu wangu," akasema, "wa hisabati ningempata. Wa gofu nampata wapi?"

Soda ile sikuimaliza. Mama wa Korogwe alinivumilia kidogo, kisha akapata mwingine wa kubadilishana naye, mwalimu wa Kiswahili kutoka shule ya jirani ambaye mchezo pekee anaoujua ni bao. Mkubwa aliridhia siku hiyohiyo. Sasa mwalimu huyo anaishi mtaa wa pili kutoka kwa mke wangu, wanakutana sokoni, na huwa anamsalimu na kumwambia mumeo ni mtu muhimu sana kule.

Mke wangu nilimweleza yote kwa simu, kuanzia ngolo hadi ratiba ya uratibu. 

"Mume wangu," akasema, "hata kushindwa umeshindwa."

Maharage yalivunwa, yakapikwa makande, shule nzima ikala. Hayo ndiyo matunda ya gofu ninayoweza kuyaapia. Mwezeshaji hajarudi. Fimbo za plastiki zimevunjika moja moja, tumerudia za miti, na darasa la nne sasa linaogopa fimbo ya hisabati tu. Wazazi wananiuliza mgeni wa mashimo atakuja lini tena, kuna mlima mwingine.

Januari ilipofika shule zilifunguliwa siku moja nchi nzima. Mke wangu alikuwa zamu ya asubuhi, na binti yetu alipelekwa na jirani. Mimi nilikuwa mteremkoni na darasa la kwanza, wamevaa sare zinazoburuza, hawajui mtu. Mmoja alikuwa analia anamtaka baba yake. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamshika mikono yote miwili, nikamwonyesha fimbo inavyoshikwa.