Sufuria ya Sombe Ofisini kwa Mwendesha Mashtaka

Aliyenipigia simu Jumapili jioni alianza kwa kuniuliza kama nimekaa. Nimekaa, nikamwambia, sema. Basi akasema yule wakili wetu, Mkenya mwenzangu aliyeufanya mji huu wa Durban kuwa kwao, amefariki: alikula chakula cha mchana nyumbani kwake Morningside, akaongeza sahani ya pili, akaegemea kitini apumzike, na hakuamka tena. Mungu anisamehe, wasomaji wangu, kilichonitoka kwanza ni kicheko. Machozi yalifuata, tena mengi, lakini kicheko kilitangulia, maana mtu yule asingekubali kamwe kuondoka na njaa.

Kazi yake ilikuwa kutetea watu walioshtakiwa kwa wizi wa kalamu: hundi za uongo, kampuni hewa, mambo ya maofisini. Tulimtania sana. "Wewe ni wakili wa wezi wenye tai," tulimwambia, naye hujibu, "Wenye tai wana mawakili wao. Mimi nawatafuta waliovalishwa tai wasijue ni kitanzi." Nilimwelewa siku aliponiomba nikamtafsirie mama mmoja Mkongomani wa Isipingo, aliyekuwa akifagia na kupika chai katika ofisi ya kampuni fulani kule Jacobs. Tajiri wake alimwita ndani, akafunga mlango, akamwambia atie sahihi hapa na pale. Akatia. Kumbe amefanywa mkurugenzi! Utapeli ulipofichuka, mama akashtakiwa pamoja na tajiri. Angepatikana na hatia, angekwenda jela na kuwaacha wanawe katika nchi wasiko na ndugu.

Wakili hakungoja siku ya mahakama. Alimwendea mwendesha mashtaka, mwanamke mwenyeji wa hapa hapa, anayejulikana kwa kutopokea hata peremende ya mtu, akamsihi: "Msikilize kwanza, halafu uamue kama ni mshtakiwa au ni shahidi wako." Akakubali. Siku ikafika, na mama akaingia ofisini na sufuria kubwa iliyofungwa kitambaa, akaitua juu ya meza ya serikali. Ilikuwa sombe, kisamvu cha Kikongo, kwa samaki wa chumvi na mawese, bado ya moto. Mwendesha mashtaka aliruka kutoka kitini. "Wakili, hii ni nini? Mshtakiwa ananiletea zawadi? Nitalazimika kumwongezea shtaka la rushwa!" Kabla sijatafsiri, mama alikwisha kuusoma uso wake. "Papa, nimekosa nini?" akaniuliza. "Kwetu mutu haendake kwa mukubwa mikono bule. Iko chakula tu." Hata sisi husema mkono mtupu haulambwi, lakini hebu nenda ukalieleze hilo katika ofisi ya mashtaka!

Mimi nilitokwa na jasho. Wakili alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akaibeba ile sufuria, akaufungua mlango wazi kabisa, akaitua kwenye benchi la korido na kupaza sauti: "Karibuni, iko chakula!" Wakaja: mlinzi, makarani, mpelelezi wa kesi yenyewe, hata wakili wa yule tajiri, ambaye alikula kuliko wote. Sufuria ilipobaki nyeupe, wakili wetu akarudi nayo ndani. "Rushwa huliwa na mmoja, mlango umefungwa," akamwambia mwendesha mashtaka. "Hii imeliwa na watu wote isipokuwa wewe. Andika hivyo kwenye jalada." Akaandika kweli, huku akijizuia asicheke, kisha akamgeukia mama, akasema, "Haya, nieleze." Akamsikiliza asubuhi nzima. Mama akafutiwa mashtaka, akasimama kizimbani kama shahidi, na tajiri akafungwa.

Siku ya hukumu mwendesha mashtaka alitufuata nje. "Eish, ile harufu imenitesa! Kesi imekwisha, sasa si naruhusiwa kuonja?" Wakili akatikisa kichwa. "Bado, dada. Nina kesi nyingine mezani kwako." Na kila alipoulizwa tena, ilikuwepo nyingine. Ukawa utani wao. Siku hizi, karne ikielekea ukingoni, kila mtu hapa anazungumzia sheria mpya za nchi mpya, nami ninazifurahia. Lakini mtu huyu alinifundisha kwamba maovu mengi ya maofisini huanzia pale mlango unapofungwa ili mnyonge atie sahihi, na kwamba mtetezi hodari anaweza kuanza kazi yake kwa kuufungua tu.

Tulimzika Jumamosi, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mama wa Isipingo alipika sombe ya kulisha mtaa, na alikataa katakata mlango wa nyumba ya marehemu ufungwe hata mara moja. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula nilipomwona mwendesha mashtaka mbele yangu, kavaa nyeusi, sahani mkononi. Mama akamjazia. Akaonja, akafumba macho, machozi yakamtiririka hapo hapo mbele ya watu wote.

"Leo hana kesi mezani kwangu," akasema, akanyoosha sahani aongezewe.