Mchele Usiokuwa Wetu

Watu wa kanisa wameniomba niandike kidogo habari za mke wangu, Bongnye, waziweke kwenye kijitabu chao. Niliwaambia mimi sijui kuandika vizuri. Wakasema basi niandike vibaya.

Amefariki mwezi wa tatu, kabla hatujapanda viazi. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Tumeishi pamoja miaka sitini na minne.

Hakuwa na cheo. Alizaliwa hapa hapa kijijini Solgol, baba yake alikuwa mchoma mkaa. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Akikasirika aliimba puani. Ukisikia sauti imetoka kamili, ujue mambo ni shwari na unaweza kuingia ndani.

Yeye aliamini kabla yangu. Mimi kanisani nilikuwa nafuata jiko. Nyumbani kwetu kuni zilikuwa za kupikia, lakini pale walikoka moto tangu asubuhi, nami nilikaa nyuma kabisa, miguu imeelekea kwenye jiko, nikasinzia hadi amina ya mwisho.

Wanawake wa kanisa letu walikuwa na desturi ya mfuko wa mchele. Kila mwanamke, akipima mchele wa kupika, hutoa kwanza kijiko kimoja kwa kila mlaji, akakitia kwenye mfuko uliotundikwa ukutani. Jumamosi hupelekwa kanisani. Mchele huo ulikuwa wa kumlisha mtumishi, na ukibaki hupewa asiye na kitu. Kwetu milimani mchele ulikuwa haba, tuliuchanganya na mahindi. Sisi tulikuwa wanne, mimi, yeye, mama yangu na binti yetu Okbun. Kwa hiyo vijiko vinne, kila mlo.

Siku moja nilimwuliza, "Kwani Mungu ana meno?"

"Mwalimu Ma anayo," akasema.

Mwalimu Ma ndiye aliyekuwa akituhubiria. Kweli alikuwa na meno makubwa.

Sasa nieleze safari ile, maana ukitaka kumjua Bongnye, yote yamo mle.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wa tano wa ndoa yetu. Kila mwezi wa kumi na mbili, mavuno yakishaingia, kanisa lilikuwa na juma zima la kusoma Biblia. Mwisho wa juma watu walitoa sadaka ya siku. Fedha hatukuwa nazo, ila siku za baridi tulikuwa nazo tele. Mtu anasimama, anasema, "Natoa siku tatu," jina linaandikwa. Siku hizo zinakuwa si zake tena. Anakwenda vijijini kusema habari za Yesu, akirudi kabla hazijatimia ni kama amemnyang'anya Mungu.

Mwaka ule Mwalimu Ma alikuwa ametoa siku kumi, aende Neurigol, ng'ambo ya mlima Hanjae. Asubuhi ya Jumapili akateleza kwenye barafu mlangoni pake, mguu ukavunjika. Walimleta kanisani amelala juu ya ubao wa mlango. Akauliza nani atakwenda badala yake. Watu wakawa wanatazama mikeka.

Bongnye akasimama. "Siku kumi," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi na Baba Okbun."

Watu wakasema amina kabla mimi sijafumbua macho vizuri.

Njiani kurudi nilimwambia, "Umenitoa sadaka kama kuku."

"Kuku angalau hupiga kelele. Wewe ulikuwa unakoroma."

"Tunaondoka lini?"

"Kesho. Siku zimeshaanza kuhesabiwa."

Hatukuwa tumejiandaa na chochote. Alfajiri, yeye akimvisha mtoto na kumwachia mama yangu maagizo, mimi nilifunga mizigo kwenye kibebeo changu cha mbao. Mfuko wa mchele nikauchukua jikoni. Mifuko ilikuwa miwili, ya kitambaa kimoja, imetundikwa pamoja. Mmoja ulikuwa umeshonwa uzi mwekundu, nikaona ndio mzuri zaidi. Ulikuwa mzito pia. Nikafurahi.

Saa sita mchana tulikuwa juu ya Hanjae, kwenye kibanda cha wachoma mkaa. Nje theluji ilikuwa imeanza. Nikawasha moto, nikatoa mfuko. Bongnye akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Baba Okbun, huu si wetu."

"Nimeubeba tangu asubuhi, utakuwaje si wetu?"

"Hata ng'ombe hubeba mchele."

Akanionyesha ule uzi mwekundu. Kumbe yalikuwa maandishi. Alikuwa ameshona neno "Wa Bwana", herufi alizojifunza kanisani. Mimi sikujua herufi hata moja. Nilidhani ni maua. Ulikuwa mchele wa sadaka, wa majuma mawili, kwa sababu ya shughuli za juma la Biblia ulikuwa haujapelekwa. Mchele wetu ulikuwa umebaki ukutani Solgol.

Nikasema, "Si ni mchele wa watumishi? Watumishi leo ni nani? Si mimi na wewe?"

"Mtumishi hupewa," akasema. "Hajichukulii."

"Basi turudi tubadilishe."

"Tukirudi, siku moja imepotea. Nimeahidi kumi."

Nilimwambia mtu hawezi kutembea siku kumi kwa maji ya theluji. Alikuwa ametoka kuugua kifua mwezi ule, mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mwishowe tukakubaliana hivi. Tutaingia Neurigol bila kuomba chakula kwa mtu. Tukipewa, tutakula. Siku ya tatu jioni, kama hatujapata cha kututosha kusimama, mimi nitapika mchele ule kisha nitamrudisha nyumbani, hata kama ni kwa kumbeba.

"Sawa," akasema. "Lakini mwombe Mungu, usiwatazame watu kwa macho ya njaa. Nakujua."

Tukafunga mfuko. Nikaubeba tena. Ni kitu kigumu, nawaambieni, kubeba chakula mgongoni na njaa tumboni.

Neurigol ilikuwa na nyumba kumi na moja. Mkubwa wa pale aliitwa Pyo, mtu wa ndevu chache. Alitukuta kwenye njia akasema, "Watu wa Yesu. Kila baridi mnakuja na nyimbo, mnaondoka na viazi vyetu."

Bongnye akamwinamia. "Tumekuja na nyimbo tu, mzee. Viazi kaeni navyo."

Alitupa banda lililokuwa la ng'ombe wake aliyeuzwa. Lilikuwa na jiko na sufuria ya chuma ya kuchemshia majani ya ng'ombe. Sikulalamika.

Bongnye hakuhubiri kama Mwalimu Ma. Aliingia nyumba ya watu, akakuta wanawake wanapukuchua mahindi, akakaa, akavuta hindi naye akapukuchua. Baadaye ndipo akasimulia. Mimi nilisuka viatu vya majani ya mpunga, kazi ninayoiweza. Siku ya kwanza jioni tulipewa maji yaliyochemshiwa viazi. Aliyashika kwa mikono miwili akayaombea muda mrefu hata yakapoa.

"Unaombea nini humo?" nikamwuliza. "Hata kiazi hakikukaa humo sana."

"Kunywa. Yana chumvi."

Siku ya pili bibi mmoja, mama mkwe wa nyumba ya chini kabisa, alituletea viazi vitatu na kipande cha kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili. Tulimwita Bibi Wolseom. Bongnye alikula kiazi kimoja akanisukumia viwili, akisema ameshiba. Alikuwa anaimba puani.

Siku ya tatu hatukupata kitu. Si kwamba watu wa Neurigol walikuwa wachoyo. Mavuno yao yaliharibiwa na baridi ya mapema, na mchele hawakuwa wameuona tangu sikukuu ya mavuno. Mke wa Pyo alikuja bandani kuchukua kamba, akaubonyeza mfuko wetu.

"Huu si mchele?" akasema. "Mna mchele, nanyi mnakunywa maji ya viazi?"

"Si wetu, dada," Bongnye akasema.

"Mmeiba?"

"Ameubeba mume wangu kwa makosa. Ni wa Bwana."

Yule mama alitutazama kama watu waliopungukiwa. Akaondoka. Baada ya muda mfupi Neurigol nzima ilijua kwamba ng'ombe wa Pyo alikuwa na akili kuliko wageni waliokaa mahali pake. Pyo mwenyewe alikuja mlangoni kutuchungulia.

Mchana ule Bongnye aliinuka kwenda nyumba nyingine, akashika nguzo. Akasimama hapo kidogo. Kisha akaketi tena, akasema atakwenda baadaye.

Jioni ilipofika sikumwuliza. Nilikoka moto, nikaweka maji kwenye sufuria, nikafungua mfuko. Yeye alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Nilitegemea atanizuia. Hakunizuia. Ahadi ni ahadi, hata kwangu.

Nikachota bakuli la kwanza. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Baba Okbun. Toa vijiko viwili kwanza."

"Vya nini?"

"Si tunapika? Sisi ni wawili."

Nilibaki na bakuli mkononi. Hata mchele wa Bwana alitaka tuutolee fungu la Bwana. Maji yakawa yanachemka. Nikarudisha mchele mfukoni, nikafunga, nikakaa. Nikamwambia, "Basi kesho tutakwenda nyumbani. Nitakubeba."

"Kesho ni kesho," akasema.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo wakati mlango ulipovutwa. Ni Bibi Wolseom, hakujifunika kichwa, viatu havikulingana. Mkwe wake alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, mzima. Mama alikuwa ametokwa na damu nyingi na amelegea. Kwetu mwanamke aliyejifungua hula wali na supu ya mwani, hata nyumba maskini hukopa huku na huku. Mwani alikuwa nao, aliuficha tangu masika. Mchele alikuwa ameuzungukia nyumba zote kumi, wakamwambia aje bandani.

Hakuweza kutazama mfuko. Alitazama moto. "Najua si wenu," akasema. "Mmesema si wenu. Lakini kama mwenyewe hatakasirika."

Bongnye aliinuka. Sikumwona akishika nguzo. Aliuchukua mfuko kwa mikono miwili akampa.

"Ni wako, mama. Twende nikusaidie kupika."

Mimi nilibeba kuni. Nilikaa jikoni kwao nikichochea, na harufu ya wali ilipotoka nilitoka nje kusimama kwenye theluji, maana nilikuwa nimeambiwa nisitazame watu kwa macho ya njaa.

Yule mzazi alikula. Bibi akawa anamlisha, analia, huku akimkemea naye asilie. Bakuli la pili akala mwenyewe kwa mkono wake. Bongnye aliosha mtoto.

Tulipoaga, Bibi Wolseom akasema, "Mnakwenda wapi? Kaeni." Akamimina maji kwenye sufuria, akakwangua chini, akaleta mabakuli mawili ya ukoko uliolainika, wa moto, umeungua kidogo pembeni. Akayaweka mbele yetu kwa mikono miwili kama mtu anayewapa wakubwa.

"Ni ukoko tu," akasema. "Samahani."

Nikamtazama Bongnye. Nilikuwa nimeshashika kijiko lakini sikuthubutu.

Akacheka. Tangu Hanjae sikuwa nimemsikia akicheka. "Kula, Baba Okbun," akasema. "Tumepewa."

Tukala. Tulikula pole pole. Yeye alimaliza bakuli lote, akanywa na maji yake, kisha akaimba mle ndani, si puani.

Hatukurudi kesho yake. Tulikaa siku zote kumi. Mchele uliobaki ulimaliziwa na mzazi. Watu walituletea viazi, mahindi, siku moja hata yai, ingawa walikuwa na kidogo. Pyo alileta mzigo wa kuni akautupa nje bila kubisha hodi. Hakuamini kamwe, mpaka alipokufa. Nyumba mbili ziliamini, ya Bibi Wolseom na moja nyingine. Tulipoondoka, wanawake walitia kila mmoja gao lake la mahindi kwenye ule mfuko, na tulipomfungulia Mwalimu Ma mfuko huo nyumbani, alichungulia akasema, "Niliambiwa ni mchele."

"Umesafiri, Mwalimu," Bongnye akasema. "Umebadilika."

Mimi sikuokoka Neurigol. Nilikula tu. Nilibatizwa mwaka uliofuata, masika. Ila tuliporudi nilimwomba anifundishe herufi, nisije nikabeba tena kisicho changu. Tulianza na zile za uzi mwekundu. Alizichora kwenye majivu ya jikoni, mimi nikafuatisha kwa kijiti.

Aliendelea kutoa siku kila baridi mpaka magoti yalipokataa. Kila safari nilimwuliza tutakula nini, naye kila safari alisema hajui. Miaka ya mwisho, amelala, alikuwa akiniuliza kutoka chumbani kama nimetoa vijiko. Nilijibu ndiyo. Mara nyingine nilikuwa nimesahau, nikaenda kutoa kimya kimya, na alisikia kifuniko cha chungu cha mchele.

Okbun ameninunulia sufuria ya umeme. Inapika vizuri, lakini haiweki ukoko. Nimeirudisha kwenye boksi lake.

Mfuko upo ukutani, uzi umefifia. Majuma ya kwanza nilikuwa napima mchele wa watu wawili, nagundua ukishaiva. Sasa napima wa mmoja. Natoa kijiko, natia mfukoni. Jumamosi naupeleka.